BUSTANI YA MAMA: Mvinje uinamishe matawi

Wengi wenu mnatuuliza jinsi ya kupata uani ule mti wa kijani wenye matawi yanayoning'inia, kama ya wenzetu wa Lushoto na Moshi.

Tuseme mapema ili mtu asipoteze fedha zake. Saiprasi ni mti wa milimani, na joto la Mbagala au Tegeta huudhoofisha. Sisi wa pwani tunao mvinje. Wataalamu hawauweki katika ukoo wa misonobari, maana ni mti wa maua, ila kwa macho ni kama ndugu. Yale tunayoyaita majani ni vijiti vyembamba. Majani yenyewe ni magamba madogo mno katika kila pingili. Vijiti hivyo ndivyo vinavyoning'inia, na upepo wa bahari ukipita husikika kama mtu anayenong'ona.

Ugumu wake tuutazame kule Bamburi, karibu na Mombasa. Mwaka 1971 René Haller alijaribu aina 26 za miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe. Zilishika aina 3 tu, mvinje mmojawapo. Majongoo wakala majani yaliyodondoka, wakayageuza kuwa udongo, na leo pale ni msitu. Basi mchanga wa Chamazi hauwezi kuushinda.

Okota vitunda vilivyokomaa kabla havijafunguka, uvianike juu ya gazeti, penye jua lakini pasipo upepo. Mbegu ni ndogo, zina bawa, na siafu na sisimizi huzipenda kuliko sisi; zungushia kitalu majivu. Miche ikifikia urefu wa kidole ihamishie katika viriba. Hapa kuna siri ambayo wauza miche wengi hawaisemi: changanya humo konzi kadhaa za udongo uliochotwa chini ya mvinje mkubwa. Katika udongo huo wamo bakteria wanaoingia kwenye mizizi na kuupatia mti naitrojeni. Mche usiowapata hubaki wa manjano, na mama hudhani ni kiu.

Panda masika yanapoanza. Simika ufito kando yake, ufunge kwa kipande cha kanga kuukuu kilichopindwa kama namba 8, wala si kwa waya. Mti ukitoa vilele viwili, bakiza kimoja kilichonyooka. Ukitaka uinamishe matawi, usiguse ncha za pembeni. Mkasi huufanya kuwa ua la kuzungushia nyumba, jambo jema pia, lakini si ulilotaka. Matawi ya chini yaondoe kidogo kidogo kila mwaka, watoto wapate kupita. Usikate hadi kwenye mti mzee uliokwisha kuwa mgumu, maana ni nadra kuchipua tena hapo.

Sasa tumjibu mama wa Temeke aliyeupanda hatua mbili kutoka ukutani mwaka alipompata kitinda mimba wake. Mti una miaka 3, baba wa nyumba anataka ukatwe, na jirani analalamikia majani yanayoziba mfereji wa bati lake. Mama anauliza kama unaweza kukunjwa uelekee upande mwingine. Dada yetu, tunajua unaupenda, lakini mumeo ana haki. Mvinje ukiachwa hupita mita 20. Kuukunja kutageuza kilele tu; shina na mizizi vitabaki hapo ukutani, na kuuhamisha sasa ni kuuua. Kila mwaka utakaongoja, gharama ya kuukata itaongezeka, na jirani naye atazidi kukasirika.

Ukate mwaka huu. Ila kabla ya kumwita mwenye shoka, tazama matawini. Mivinje mingine huanza kuzaa ikiwa bado michanga hivyo. Ukiona vitunda, vichume ukaviotesha, na mche utakaotoka uupande pembe ya mbali ya kiwanja, angalau mita 8 kutoka nyumba, mbali na shimo la choo na nyaya za umeme. Kitinda mimba wako amekwisha kufikia umri wa kubeba kopo la maji. Mpe kazi ya kuumwagilia.