Mwaka wa ualimu uhamie shuleni: barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu

Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Kigali.

Nakuandikia kuhusu watu wasiotajwa sana tunapozungumzia ualimu: wahitimu wa shahada ya kwanza ya hisabati, kemia, kompyuta au lugha ambao hawakusomea ualimu, lakini sasa wanataka kufundisha sekondari. Njia yao rasmi ipo. Ni Stashahada ya Uzamili ya Elimu, inayotolewa na Koleji ya Elimu ya Chuo Kikuu cha Rwanda na pia na vyuo binafsi. Ombi langu ni kwamba sharti la stashahada hiyo libaki pale pale, ila sehemu kubwa ya masomo yake ifanyike shuleni, mhitimu akiwa analipwa na akiwa chini ya mwalimu mlezi.

Nalitetea sharti kwanza, maana wapo wanaotaka lifutwe. Husema kwamba anayejua somo anaweza kulifundisha. Mbona wahadhiri wengi hawakusomea ualimu? Lakini mhadhiri hupokea waliokwisha kuchujwa. Mwalimu wa kidato cha pili hupokea wote. Chukua mwanafunzi aliyejumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano. Mhandisi ataliona kosa mara moja, atafuta, ataandika tano ya sita, kisha atasonga mbele. Mwalimu aliyefunzwa atauliza kwanza, "Umefikaje hapo?" Atagundua kwamba mtoto amejumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake, kwa kuwa haoni sehemu kama namba moja. Asipoliona hilo, kosa lile lile litamfuata mtoto hadi kwenye aljebra. Hapa kwetu kuna ugumu mwingine: tangu uamuzi wa 2008 wa kufundisha kwa Kiingereza, mtoto huyo hutakiwa kueleza hesabu kwa lugha asiyoitumia nyumbani. Mtaala unaozingatia umahiri, ulioanza kutumika 2016, nao unamtaka mwalimu aongoze wanafunzi watende na wajadiliane, asiishie kuandika ubaoni. Shahada ya kemia haifundishi hayo, wala haikukusudiwa kuyafundisha.

Ila ujuzi huo haupatikani kwa kukaa kwenye ukumbi wa mihadhara pia. Nadharia za ujifunzaji zina nafasi yake, lakini kumsikiliza mtoto akieleza kosa lake hujifunzwa mbele ya mtoto mwenyewe, kukiwa na mzoefu wa kukusahihisha baada ya kipindi. Uingereza wanaofuata njia ya aina hii hutakiwa kuwa shuleni siku zisizopungua 120. Sisi tuna msingi wa kujengea, kwa sababu mpango wa walimu walezi shuleni si mgeni nchini. Kinachokosekana ni kuufanya ulezi huo uwe ndiyo masomo yenyewe, usiwe nyongeza.

Kuna pia suala la mfuko. Mhitimu wa leo aliyesomeshwa kwa mkopo anadaiwa na Benki ya Maendeleo ya Rwanda. Kumwambia akae mwaka mwingine akilipa ada bila kipato ni kumwachia nafasi mwenye wazazi wa kumlipia. Agosti 2022 serikali iliongeza mishahara ya walimu wa sekondari wenye diploma na shahada kwa asilimia 40. Ilikuwa hatua kubwa, na ni haki kuipongeza. Lakini mshahara mzuri ulio nyuma ya ada asiyoweza kuilipa haumsaidii mtu.

Najua pingamizi la kwanza litatoka Wizara ya Fedha. Jibu langu ni kwamba mwanafunzi-mwalimu atakayebeba nusu ya ratiba anafanya kazi ambayo shule yenye upungufu ingemlipa mtu mwingine kuifanya. Alipwe nusu mshahara, afungwe na mkataba wa kufundisha miaka mitatu katika wilaya itakayompokea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la walimu waliosomea elimu tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Watauliza kwa nini mwingine apite njia ya mkato. Wana haki ya kuuliza, na njia hii ikigeuka kuwa ya mkato nitakuwa wa kwanza kuipinga. Kwa hiyo mtihani uwe mgumu kama ule walioufanya wao, vipindi vikaguliwe na mtu wa nje ya shule, na anayeshindwa asipewe cheti hata kama shule inamhitaji vipi. Ama hofu kwamba wahitimu hawa wataondoka wakipata kazi bora, ni kweli baadhi wataondoka. Hata waliosomea ualimu huondoka.

Mheshimiwa, sikuombi uanze na nchi nzima. Anza na hisabati na sayansi katika wilaya chache, zikiwemo za Mkoa wa Mashariki ambako Koleji ya Elimu ina kampasi yake ya Rukara, Kayonza, ili wahadhiri waweze kufika shuleni mara kwa mara. Mwalimu mlezi apunguziwe vipindi na alipwe posho. Asipopewa muda, mpango wote utabaki kwenye makaratasi. Naomba Wizara itangaze msimamo wake kabla ya mwaka ujao wa masomo kuanza Septemba.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kigali