Mzee Harudi Utotoni

Nimeisikia msibani, nimeisikia kwenye daladala, na mwezi uliopita nikaisikia kwa muuguzi: "Mzee huyo karudi utotoni." Kauli hiyo husemwa kwa upole, na msemaji hujiona ametoa pole. Kwangu mimi ni kauli ya hatari, na imeua watu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na miaka 78 alipoanza kuweweseka. Jumatatu alihesabu fedha za nazi zake bila kukosea hata shilingi. Alhamisi akamwita mjomba kwa jina la babu, marehemu wa miaka mingi, na usiku wa manane akataka kutoka nje. Nyumba nzima tukakubaliana kwamba ni uzee. Tukamfungia mlango, tukamlisha uji kwa kijiko, tukamsemesha kama mtoto mchanga. Homa ilipopanda ndipo tukampeleka kituo cha afya. Yalikuwa maambukizi kwenye njia ya mkojo. Alipomaliza dawa, bibi alirudi kwenye nazi zake, akauliza nani aliyekuwa akimfungia mlango. Hatukumjibu.

Uzee hauingii Jumatatu ukakomaa Alhamisi. Akili ya mzee ikivurugika ndani ya siku chache, hiyo ni dharura: huenda ni maambukizi, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyoshuka, au dawa zinazogongana.

Mtaniambia wapo wanaosahau polepole, mwaka hadi mwaka. Wapo, na hao pia ni wagonjwa. Alois Alzheimer, daktari Mjerumani ambaye ugonjwa mmojawapo wa kusahau unaitwa kwa jina lake, alianza kumchunguza mgonjwa wake mashuhuri huko Frankfurt mwaka 1901. Mama huyo alikuwa na miaka 51. Na wazee wengi wanafika miaka 80 na 90 bila kupatwa na maradhi hayo. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya visa vya maradhi ya aina hii duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, kama vyanzo 14 vingedhibitiwa. Kati ya hivyo kuna presha, kisukari, upweke na masikio yasiyosikia vizuri.

Hebu tutue kwenye masikio. Babu asiyesikia hujibu ovyo, vijana wakacheka. Kesho anajibu kidogo zaidi, keshokutwa haji barazani kabisa. Watu wanasema akili imepungua, na hakuna aliyemtazama sikio, ambalo pengine limezibwa na nta tu.

Huo utoto wenyewe uko wapi? Mtoto hana alichokijua akakipoteza. Mzee anajua anachopoteza, anaona aibu, na ndiyo maana anaficha. Tena yapo yanayoongezeka kwa umri: hazina ya maneno hukua hadi miaka ya sitini na zaidi, na wengi hutulia katika hasira na hofu kuliko walivyokuwa ujanani. Ukimwona mzee amepunguza marafiki, mara nyingi amechagua wale wa karibu ambao anataka kumaliza nao siku zake. Kumnyang'anya mtu kama huyo fedha zake na kauli juu ya shamba lake ni dhuluma.

Nimesema kauli hii imeua. Bibi yangu alitaka kutoka usiku wa manane. Katika kijiji kingine angeitwa mwanga. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyounguzwa na moshi wa jikoni kwa miaka hamsini. Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa ardhi. Tukishazoea kumwona mzee anayebadilika kuwa si mtu kamili tena, tumemrahisishia kazi anayemtaka afe.

Mzee wako akibadilika ghafla, mpeleke hospitali leo, na umweleze daktari siku hasa mabadiliko yalipoanza. Nanyi wauguzi na madaktari, mzee akiketi mbele yenu, msimgeukie mjukuu aliyemleta. Muulizeni yeye kwanza anaumwa wapi, kisha mngojeni ajibu.