Kuazima si kupanga

Majuzi nilialikwa na halmashauri ya shule moja ya upili ili niwasaidie wajumbe wake kuusoma mkataba. Mimi si wakili. Kazi yangu ni kufundisha isimu katika chuo kikuu, na mikataba niliyowahi kutia sahihi maishani ni michache. Hata hivyo, mwenyekiti wa halmashauri alishikilia kwamba tatizo lao lilikuwa la lugha. Kampuni moja ilikuwa imejitolea kuiazima maktaba ya shule maelfu ya vitabu vya kielektroniki, ili wanafunzi wavisome kwa tarakilishi na vishikwambi, kwa ada ya kila mwaka. Mkataba wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza. Barua iliyoandamana nao ilikuwa ya Kiswahili, na ndani yake neno "kuazima" lilitajwa mara tisa. Nilipoufikia ukurasa wa sita wa mkataba nilikubaliana na mwenyekiti. Tatizo lilikuwa la lugha, nalo lilikuwa limejificha katika kitenzi hicho kimoja.

Kiswahili ni lugha yenye uangalifu mkubwa katika mambo ya mali. Jirani akija kwako kutaka sufuria, huiazima, na jioni hukurejeshea sufuria ile ile. Akija kutaka kikombe cha sukari, huikopa, kwa kuwa sukari atakayorudisha siyo ile aliyoichukua. Akitaka baiskeli ya kumfikisha sokoni kwa malipo, huikodi. Akitaka chumba cha kulala mwezi baada ya mwezi, hukipanga. Tofauti hizi hazikubuniwa na wanasarufi. Zimetokana na watu waliotaka kujua, kabla kitu hakijatoka nyumbani, ni nani mwenyewe na kitarudi kwa njia gani. Tena katika kuazima pana sharti moja lisilotajwa kwa sababu kila mtu analijua: anayemwazima mwenzake kitu lazima awe nacho kwanza.

Ukurasa wa sita ulieleza bila kificho kwamba shule haitamiliki kitabu hata kimoja. Ada ya mwaka isipolipwa kwa wakati, vitabu vyote vitafungwa. Kampuni yaweza pia kuondoa kitabu chochote wakati wowote bila kutoa sababu. Shule ikiuvunja mkataba baada ya miaka kumi ya kulipa, itatoka mikono mitupu kama ilivyoingia. Hayo, msomaji, ni masharti ya nyumba ya kupanga. Maktaba ingekuwa mpangaji, na mwanafunzi angekuwa mgeni wa mpangaji, ambaye hukaa kwa hisani ya mwenye nyumba aliye mbali.

Yamkini wapo watakaosema kwamba natilia chumvi. Hebu basi tutazame yaliyotokea kwa wenzetu waliotutangulia katika njia hii. Mwezi wa Julai mwaka wa 2009, wateja wa Amazon nchini Marekani waliamka na kukuta kwamba nakala walizonunua za vitabu viwili vya George Orwell zimefutwa katika vifaa vyao vya kusomea, kwa kuwa aliyeziuza kupitia kampuni hiyo hakuwa na haki ya kuziuza. Fedha zao zilirudishwa, na kampuni ikaomba radhi. Lakini hakuna muuza vitabu wa karatasi awezaye kuingia chumbani mwako usiku akachukua kitabu kutoka rafuni na kukuachia noti mezani. Mwaka wa 2011, shirika la uchapishaji la HarperCollins lilitangaza kwamba kila nakala ya kielektroniki iliyouzwa kwa maktaba ingeweza kuazimwa mara 26 tu. Baada ya hapo sharti inunuliwe upya. Mwaka wa 2018, Penguin Random House nalo liliacha kuziuzia maktaba nakala za kudumu, likaanza kutoa leseni za miaka miwili. Maktaba tajiri za Marekani zimelalamika kwa miaka mingi kuhusu gharama ya masharti ya namna hii. Maktaba ya shule ya kutwa iliyo katika kaunti maskini italalamika kwa nani?

Haki inanidai niseme pia upande wa pili. Wachapishaji wanayo hoja. Kitabu cha karatasi huchakaa, hupotea, huloweshwa na mvua, na maktaba hulazimika kununua kingine. Nakala ya kielektroniki haichakai, na mtu mmoja mwenye hila aweza kuinakili mara elfu kabla ya chakula cha mchana. Hapa kwetu, vitabu teule vya fasihi vya mtihani wa kidato cha nne havikawii kuzagaa kwenye simu bila mwandishi kupata hata senti. Mwandishi wa Kiswahili, ambaye soko lake kubwa ni shule, hawezi kulaumiwa kwa kuogopa. Ndiyo maana maktaba nyingi za kielektroniki hufuata kanuni ya nakala moja kwa msomaji mmoja: mwanafunzi akiwa na kitabu, mwenzake hungoja mpaka kirudi. Mimi siipingi kanuni hiyo, kwa kuwa ndiyo inayofanana na kuazima tunakokujua. Ninachopinga ni maktaba kufungwa kwa kanuni ya kuazima huku ikilipishwa kodi ya kupanga.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa shule za Kenya kutokana na jinsi fedha zinavyozifikia. Kila mwalimu mkuu anajua kwamba mgao wa serikali waweza kuchelewa hadi muhula ukaribie kwisha. Mgao ukichelewa mwaka ambao maktaba ni ya karatasi, shule haitanunua vitabu vipya, lakini vya zamani vitabaki rafuni, na mtoto ataendelea kusoma. Mgao ukichelewa mwaka ambao maktaba ni ya kupanga, milango yote itafungwa siku moja, huenda ikawa wiki tatu kabla ya mtihani. Mkutubi wa shule ile alilitambua hilo kabla yangu. Alinionyesha kamusi iliyopigwa mhuri wa shule mwaka wa 1984, jalada lake likiwa limeshonwa kwa uzi wa gunia. "Daktari," akaniambia, "hii haijawahi kuniuliza kama ada imelipwa."

Hata hivyo, nisieleweke vibaya kwamba nawataka watoto wetu wabaki na kamusi za 1984. Nchi hii imekuwa ikitafuta njia za kufikisha vitabu mahali ambapo barabara hazifiki. Mwaka wa 1996, Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia, na hakuna aliyesema kwamba ngamia anaishushia maktaba hadhi. Kifaa kimoja kinachobebeka mkononi huweza kuchukua vitabu vingi kuliko msafara mzima wa ngamia. Aidha, wapo wanafunzi ambao kwao kitabu cha kielektroniki ni ukombozi. Riwaya moja ikiandikwa kwa breli hugeuka mabuku kadhaa mazito, na gharama yake ni kubwa. Maandishi ya kielektroniki huweza kukuzwa, kusomwa kwa sauti na mashine, au kugeuzwa kuwa breli papo hapo. Kenya ilijiunga mwaka wa 2017 na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu vitabu kutayarishwa kwa namna zinazowafaa wasioona bila kungoja idhini ya mwenye hakimiliki. Hiyo ni haki tuliyokwisha kuipata, na itakuwa aibu kuipoteza kwa kutia sahihi leseni inayofunga maandishi yasiguswe.

Tumejifunza pia kwa gharama yetu wenyewe. Mwaka wa 2013 serikali mpya iliingia madarakani na ahadi ya kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza kipakatalishi. Vilivyokuja hatimaye, kuanzia mwaka wa 2016, vilikuwa vishikwambi, na zaidi ya milioni moja viligawiwa shule za msingi za umma kote nchini. Mafanikio yalikuwepo, hasa kwa kuwa shule nyingi zilipata umeme kwa sababu ya mpango huo. Lakini katika shule nyingine vifaa vilifungiwa kabatini kwa kuogopa wezi, au kwa sababu betri zilikufa na hapakuwa na fungu la kununua nyingine. Tulinunua chombo kabla ya kuamua ni nani atakayekitunza na kitasomwa nini ndani yake. Sasa tumo hatarini kukosea kinyume chake, yaani kununua kilicho ndani ya chombo kabla ya kuuliza kama ni chetu.

Nije sasa kwenye taaluma yangu. Nilipoipitia orodha ya vitabu tulivyoahidiwa, vya Kiswahili nilivihesabu kwa vidole vya mikono miwili, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vya kuwafunza watalii maamkizi. Lugha ya taifa, ambayo Katiba ya 2010 imeitambua pia kuwa lugha rasmi, ilikuwa imetengewa pembe ya rafu. Lugha nyingine za Kenya hazikuwepo kabisa. Tena hata palipo na kitabu cha Kiswahili, mashine iliyoundwa kwa ajili ya Kiingereza hukihudumia vibaya. Mwanafunzi anayesoma Kiingereza huligusa neno gumu, na maana yake hutokea. Akiligusa "walivyomshawishi" hapati kitu, kwa sababu mashine hulitafuta neno zima katika kamusi, na kamusi ya Kiswahili haina neno hilo, ina "shawishi". Ili kulifikia, lazima kwanza uvuliwe u-wa na u-li na u-vyo na u-m, kazi ambayo mtoto wa darasa la nne huifanya bila kufikiri.

Hata kutafuta kitabu kwa jina huweza kuwa taabu. Kidoto cha "ng'ombe" huandikwa kwa maumbo mawili, kimoja kilichonyooka na kingine kilichopinda, na kwa mashine nyingi hizo ni alama mbili tofauti. Mtoto huandika jina sahihi la kitabu, naye huambiwa hakipo. Wanaosoma Kigikuyu au Kikamba, ambazo baadhi ya irabu zake huvikwa alama juu, hupatwa na mkasa huo huo. Kasoro hizi zinatibika kwa juhudi ndogo, endapo mnunuzi atazitaja kabla ya kulipa. Baada ya kulipa, hakuna atakayemsikiliza.

Kuna jingine ambalo halikutajwa katika ile barua ya Kiswahili. Kitabu cha karatasi hakimsomi msomaji wake. Maktaba ya kielektroniki hujua mtoto gani alifungua ukurasa gani, saa ngapi, na aliishia wapi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kukusanywa na kutumiwa. Niliuliza kama wazazi walikwisha kuulizwa. Wajumbe walitazamana.

Tufanyeje basi? Kwanza, shule isiyaite makubaliano ya aina hii kuazima. Iyaite kupanga, na iyalipie kama vitu vya kupanga vinavyolipiwa: kwa fungu dogo, kwa mambo yanayopitwa na wakati upesi, kama vile marejeo ya sayansi. Kwa vitabu vitakavyohitajika vizazi na vizazi, kamusi na riwaya na diwani, inunue nakala za kudumu ambazo zaweza kuhifadhiwa katika tarakilishi ya shule yenyewe na kusomwa hata intaneti ikikatika.

Pili, kazi hii isiachiwe shule moja moja. Tangu mwaka wa 2018 serikali imeonyesha kwamba yaweza kununua vitabu vya kiada kwa pamoja na kuvifikisha shuleni. Nguvu hiyo hiyo ya mnunuzi mkubwa itumike kuzinunua haki za kudumu za vitabu vya Kiswahili kutoka kwa waandishi na wachapishaji, kwa bei ya haki, kisha vihifadhiwe na taasisi za umma kama vile Taasisi ya Ukuzaji Mitaala na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Mwandishi atalipwa, na hakuna mtoto atakayefungiwa mlango.

Tatu, tuvitumie vilivyo huru. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, umetoa hadithi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, kwa leseni inayomruhusu yeyote kuzinakili, kuzichapisha na kuzitafsiri. Shule yenye mashine ya kuchapisha yaweza kuvigeuza vitabu hivyo kuwa karatasi bila kuomba ruhusa kwa mtu. Huko ndiko kumiliki kwa kweli.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala huu ni mzuri, nami ningependa tuukalie. Lakini kabla ya kuukunja mkeka wetu na kuutupa, tumwulize mwenye msala atakaa nasi mpaka lini.

Halmashauri ile haikutia sahihi siku hiyo. Ilimwandikia mwenye kampuni maswali manne: nakala zipi zitakuwa mali ya shule, vitabu vingapi vitakuwa vya Kiswahili, wanafunzi wasioona watavisoma vipi, na habari za watoto zitawekwa wapi. Hadi ninapoandika makala haya, jibu halijafika. Kila mwalimu mkuu aliyepokea barua kama ile na aulize maswali hayo hayo kabla ya kushika kalamu. Maktaba zetu ni maskini, lakini mpaka sasa vitabu vyake vichache ni vyake.