Kuvu Haili Risasi

Lipo neno moja dogo linalowapotosha wanafunzi wetu kila yanapozungumzwa mambo ya kusafisha ardhi iliyochafuliwa na viwanda. Neno lenyewe ni "kula". Huambiwa kwamba kuvu hula sumu, nao huandika hivyo katika insha zao, na mwalimu akatia alama ya vyema.

Mnamo 1985 wanasayansi wa Marekani walieleza katika jarida la Science kwamba kuvu iitwayo Phanerochaete chrysosporium, ambayo huozesha magogo na kuyaacha meupe, iliweza kuvunjavunja DDT, dioksini na baadhi ya kemikali za jamii ya PCB. Siri imo mtini. Lignini, ile gundi inayoupa mti ugumu, haina mpangilio maalumu; kwa hivyo kuvu hiyo haitumii ufunguo wa kufuli moja, bali hutoa nje ya mwili wake vimeng'enya visivyochagua sana, navyo huzishambulia hata sumu zenye maumbile yanayokaribiana na lignini. Je, huko ni kula? La hasha! Chakula chake hasa ni sukari iliyomo katika miti na mabua, na ndiyo maana watafiti huichanganya na vumbi la mbao kabla ya kuitia udongoni. Hata hivyo, iliyostawi katika chupa za maabara aghalabu hushindwa na vijidudu wenyeji wa shambani.

Tuje hapa kwetu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, watu walidhuriwa na risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka wa 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi (nasema madini, si ile ya bunduki, ingawa lugha imezipa jina moja, wala si bure) ni elementi. Kuvu yaweza kuinasa, lakini haiwezi kuivunja. Na uyoga ulioifyonza ukitiwa chunguni, sumu imehamia mezani.

Basi akitokea mwenye kiwanda akapanda uyoga juu ya udongo kama huo, kisha akatangaza kwamba ameusafisha, nani atakayembishia? Si mwanafunzi tuliyemfunza kwamba kuvu hula sumu. Ningewaomba walimu wenzangu, wa sayansi na wa Kiswahili pia, watenganishe vitenzi viwili darasani: kuvunja na kufyonza. DDT huvunjwa. Udongo wenye risasi huchimbwa ukaondolewa, au hufunikwa, kwa gharama ya aliyeuchafua.