Anunuaye Nyumba ya Mawe Lamu na Atazame Dari

Hivi majuzi mwenzangu mmoja wa chuoni alinijia akiwa na furaha tele. Alikuwa ameonyeshwa nyumba kongwe ya mawe katika Mji wa Kale wa Lamu, na bei yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa ya kutupa. Nilimwuliza swali moja tu: Je, umetazama dari? Akacheka. Alikuwa ametazama mlango wa kuchongwa, vidaka vya ukutani na bahari ionekanayo kutoka juu ya paa.

Msomaji mpenzi, nyumba hizo ni fahari yetu. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wastahili heshima hiyo. Lakini nyumba ya mawe ni kiumbe chenye tabia zake, na asiyezijua hujuta.

Tuanze na boriti. Chumba cha Lamu ni chembamba, upana wake ukiwa kama mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa sababu mti wa mkoko uliobeba sakafu ya juu haukuweza kuvuka zaidi ya hapo. Ndiyo maana misana hufuatana sambamba, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja ukiinuka kidogo kuliko uliotangulia, hadi kufikia ndani. Atakaye kubomoa ukuta wa katikati ili apate sebule kubwa ya kisasa ajue kwamba ukuta huo ndio unaoibeba nyumba. Na boriti huozea pale isipoonekana, kwenye ncha iliyozikwa ukutani, maji ya paa yanapopenya. Katikati huweza kuwa nzima kabisa.

Kisha kuna kuta zenyewe. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake ukikaribia nusu mita, na hufyonza unyevu wa ardhi na kuutoa nje taratibu. Hapa nakiri kosa langu. Nyumba tuliyorithi kwa shangazi ilipoanza kubanduka niru, nilimsikiliza fundi mmoja kutoka bara aliyeniahidi dawa ya kudumu: saruji. Kwa misimu miwili ukuta ulimetameta. Wa tatu ulifura, lipu ikaanguka vipande vipande, na nyuma yake jiwe lilikuwa limegeuka unga wenye chumvi. Saruji ilikuwa imeyafungia maji ndani. Mzee aliyekuja kuurekebisha kwa chokaa hakunilaumu. Aliniuliza tu kama mimi hulala nimejifunika nailoni.

Birika ya chooni nayo ichunguzwe, ile ambayo zamani ilifugwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Ikivuja, huumia ukuta wa jirani kwanza, kwa kuwa nyumba nyingi huegemeana. Na chumba cha wikio, kile kilichojengwa juu ya kichochoro (nalipenda neno hili, na nasikitika kwamba wengi wa wanafunzi wangu hawalijui), mara nyingi huwa na ncha moja ya boriti katika nyumba ya mtu mwingine. Je, unanunua chumba, au nusu ya chumba?

Swali hilo latufikisha kwa warithi. Nyumba moja yaweza kuwa na wenyewe ishirini, baadhi yao wakiishi Mombasa na wengine Uarabuni. Sahihi ya mmoja si ridhaa ya wote, na mali ya wakfu haiuzwi. Isitoshe, mji huo unalindwa kisheria, hivyo hata kuongeza ghorofa kwahitaji idhini.

Kwa maoni yangu, serikali ya kaunti na wasimamizi wa makavazi wangefanya jambo la maana kama wangeshurutisha kila nyumba kukaguliwa na fundi wa chokaa kabla ya kuuzwa. Mafundi hao wamebaki wachache, na ada hiyo ingewapa vijana sababu ya kujifunza kazi.

Mwenzangu alirudi Lamu wiki iliyopita akiandamana na yule mzee wangu. Jioni alinipigia simu. Boriti saba zimeoza, na chumba cha wikio ni cha jirani tangu enzi za babu yake. Bado anaitaka nyumba, ila bei aliyomtajia muuzaji sasa ni nyingine.