Plastiki ya shambani na lugha ya mkulima

Mkulima wa Kibumba, Masisi au Rutshuru hatumii plastiki kwa kufuata mtindo. Mche wa kahawa hulelewa katika kifuko cheusi ili mizizi isiumie siku ya kuuhamisha. Turubai huyakinga maharagwe yaliyoanikwa na mvua ya ghafla. Mfuko wa tabaka tatu, ukifungwa vizuri, huwanyima wadudu hewa wakafa, na mavuno yakakaa miezi bila dawa. Anayetaka plastiki zote ziondoke kesho atuambie kwanza maharagwe hayo yatawekwa wapi.

Lakini faida hiyo ina deni. Mwaka 2021, shirika la FAO lilikadiria kwamba kilimo na ufugaji duniani hutumia tani milioni 12.5 za vifaa vya plastiki kila mwaka, likaonya kwamba udongo umebeba chembe za plastiki nyingi kuliko bahari.

Kwetu deni hilo ni zito zaidi. Wazee walipotupa takataka shambani walifanya jambo la busara: maganda ya ndizi, majivu na majani ya maharagwe yaliiongezea ardhi nguvu. Desturi haijabadilika, takataka ndiyo iliyobadilika. Kifuko cha mche hakiozi, hukatika vipande tu. Kukizika ni shida, maana chini ya Nyiragongo udongo ni haba juu ya mawe ya volkano. Kukichoma ni kuvuta sumu. Kikiachwa, mvua hukisukuma kuelekea ziwani. Ziwa Kivu nalo humwagikia mto Ruzizi, na huko Bukavu plastiki za kila namna huziba mitambo ya umeme.

Sheria ipo. Agizo la serikali la tarehe 30 Desemba 2017 lilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki. Sokoni bado tunafungiwa nyanya humo. Kukataza peke yake hakutoshi: anayeuza pembejeo alazimishwe kupokea vyombo vitupu.

Na sisi wa lugha? Chukueni mfano wa chupa ya dawa ya mimea. Ikiisha, inapaswa kusuuzwa mara tatu, maji yake yamiminwe katika pampu ya kunyunyizia, kisha itobolewe. Isipotobolewa, katika mji huu wa kuchota maji kwa bidoni, itarudi jikoni na maji ya kunywa au mafuta ya mawese. Maelezo hayo mara nyingi ni ya Kifaransa au Kiingereza, tena kwa herufi ndogo. Tunasema mkulima hajui. Je, ameambiwa kwa lugha gani?

Wengine watajibu kwamba vita na barabara mbovu ni matatizo makubwa kuliko chupa. Ni kweli, ndiyo maana udongo, ambao ni karibu mali yote iliyombakia mkulima, usiharibiwe pia.

Napendekeza kwamba katika somo la tafsiri, kila mwaka, tuchukue maelezo ya dawa zinazouzwa Goma, tuyatie katika Kiswahili cha hapa, Kihunde, Kinande na Kinyarwanda. Wataalamu wa kilimo wayahakiki, wakulima wayasikie na kuyasahihisha, kisha redio za jamii ziyatangaze. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji walimu wakubali kuipa alama.