Wachungaji wastaafu wana nafasi gani Ndera na Garsen?

SUALA la kustaafu kwa wachungaji huzungumzwa kwa sauti ya chini katika makanisa mengi, na mara nyingi hujadiliwa waziwazi pale tu mgogoro unapokuwa umekwisha kuzuka. Ama mchungaji mzee amekataa kukabidhi ofisi, ama ameikabidhi na kuondoka kimyakimya, waumini wakabaki wakiuliza ni kwa nini mtu mwenye afya na hekima ameketi nyumbani ilhali mimbari haina mhubiri.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika maeneo kama Ndera, kandokando ya Mto Tana, kaskazini mwa mji wa Garsen. Vijiji vya huko viko mbali na miji mikubwa, na mto unapofurika barabara hukatika. Kwa kawaida katika sehemu za namna hii mchungaji mmoja hulazimika kuangalia makanisa kadhaa. Kumpoteza mtu mmoja mwenye uzoefu si jambo dogo.

Taratibu za kustaafu hutofautiana baina ya madhehebu. Katika Kanisa Anglikana la Kenya, maaskofu hustaafu wakifikisha umri wa miaka 65. Sheria ya Kanisa Katoliki humtaka askofu, na vilevile paroko, kuwasilisha ombi la kujiuzulu anapotimiza miaka 75. Katika Jimbo Katoliki la Garissa, ambalo huhudumia pia sehemu za Tana River, Askofu Paul Darmanin aliliongoza tangu mwaka 1984 hadi alipostaafu mwaka 2015 akiwa na miaka 75. Mrithi wake, Askofu Joseph Alessandro, alistaafu mwaka 2022 akiwa amekwisha kuupita umri huo. Kwa upande mwingine, makanisa mengi yasiyofungamana na madhehebu makubwa hayana kikomo chochote, na mwanzilishi huongoza hadi kufa kwake.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili katika bonde la Tana, yafaa kuikumbuka historia. Ukristo ulifika huko mapema. Wamishenari wa Kimethodisti walikuwa Golbanti katika miaka ya 1880, na mmoja wao, John Houghton, aliuawa huko pamoja na mkewe katika uvamizi wa mwaka 1886. Muda mfupi baadaye, wamishenari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walianza kazi Ngao. Matokeo yake ni kwamba Wapokomo wa sehemu za chini za mto wengi wao ni Wakristo, ilhali wa sehemu za juu, kuanzia Ndera, wengi wao ni Waislamu.

Kwa hiyo mchungaji wa Ndera haishi miongoni mwa waumini wake pekee. Jirani yake ni imamu, mteja wake sokoni ni mfugaji wa Kiorma, na msiba wa kijiji ni wa wote. Imani ambayo majirani hao wanayo kwake hujengeka kwa miaka mingi ya kuzikana, kuamkuana na kusuluhishana. Imani hiyo haiwezi kuandikwa katika orodha ya mali na kukabidhiwa mrithi siku ya sherehe ya kuagana.

Thamani yake ilidhihirika wakati wa mapigano ya Tana Delta ya mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 baina ya Wapokomo na Waorma. Watu zaidi ya 100 waliuawa katika mashambulizi ya kulipizana kisasi, yakiwemo yale ya Riketa, Kilelengwani na Kipao. Chanzo hakikuwa dini bali ardhi, maji, malisho na siasa. Hata hivyo, viongozi wa dini walikuwa miongoni mwa waliojitokeza kutafuta suluhu, kwa ushirikiano na wazee wa jamii zote mbili. Katika kazi kama hiyo, mzee anayejulikana na baraza la gasa la Wapokomo na kuheshimiwa na wazee wa Kiorma ana nafasi ambayo kijana aliyehamishiwa hapo mwaka jana hawezi kuijaza.

Je, hoja hiyo ina maana kwamba wachungaji wasistaafu? La hasha. Anayeamini hivyo anachanganya mambo mawili: cheo na huduma.

Maandiko yenyewe yanatenganisha mambo hayo. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 8, Walawi wanaagizwa kuacha kazi ya hema wakifikisha miaka 50, lakini wanaruhusiwa kuwasaidia ndugu zao katika ulinzi. Mzee aliondolewa mzigo, wala hakufukuzwa hemani. Aliyebeba mzigo alikuwa kijana, na mzee alikuwa msaidizi. Mpangilio huo ndio unaokosekana katika makanisa mengi, ambako mstaafu ama hubaki na kila kitu ama hubaki bila chochote.

Kenya ina mifano ya waliojua kutenganisha. Askofu Mkuu David Gitari alistaafu mwaka 2002 akiwa na miaka 65, na kitabu alichoandika kuhusu maisha yake kilichapishwa baada ya kifo chake mwaka 2013. Askofu Mkuu Eliud Wabukala alistaafu mwaka 2016, na mwaka uliofuata akaanza kuiongoza Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Kule Afrika Kusini, Desmond Tutu aliacha uaskofu mkuu mwaka 1996 huku akiongoza Tume ya Ukweli na Maridhiano. Wote hao waliachia kiti, na mchango wao mwingine ukapata nafasi.

Hata hivyo, hatari zipo. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Mstaafu anapoendelea kukaa katika kanisa lilelile, waumini humpelekea malalamiko dhidi ya mchungaji mpya, na hata akinyamaza, kimya chake hufasiriwa. Papa Benedict wa 16 alipojiuzulu mwaka 2013 na kuendelea kuishi Vatican, wako waliojaribu kumtumia kama kambi ya kumpinga mrithi wake, ingawa mwenyewe alikuwa ameahidi utiifu. Ikiwa hayo yaliwezekana Roma, yanawezekana pia katika kanisa la waumini 50 kando ya Mto Tana.

Dawa yake ni utaratibu wa maandishi. Katika Kanisa la Anglikana la Uingereza, ambako umri wa kustaafu kwa makasisi ni miaka 70, askofu humpa mstaafu anayetaka kuendelea kibali cha kuongoza ibada, na anaweza kukiondoa. Makanisa ya Ndera na Garsen yanaweza kubuni utaratibu wao kwa kufuata misingi michache.

Kwanza, mstaafu akabidhi funguo, vitabu vya fedha na mamlaka ya kutia sahihi, bila kubakiza hata kimoja. Pili, ahubiri au kuongoza ibada kwa mwaliko wa mchungaji aliyepo, si kwa mwaliko wa kundi la waumini. Tatu, apewe kazi inayojulikana na yenye muda: kuwafunza wainjilisti, kuwatembelea wagonjwa na wafiwa, kuhudumu katika kanisa lililokosa mchungaji, kuliwakilisha kanisa katika vikao vya amani, au kuwafundisha vijana Maandiko kwa Kipokomo. Nne, kibali chake kiangaliwe upya kila baada ya muda, kwani afya na kumbukumbu hupungua, na ni heri kanisa limpumzishe mzee kwa heshima kuliko kungoja aaibike mimbarini.

Lakini misingi hiyo yote itaporomoka iwapo suala la riziki litaachwa kando. Mtumishi wa umma nchini Kenya, ambaye tangu mwaka 2009 hustaafu akiwa na miaka 60 badala ya 55, angalau ana matumaini ya pensheni. Mchungaji wa kijijini aliyelipwa kwa sadaka ya waumini wakulima, ambao mazao yao huchukuliwa na mafuriko mwaka huu na ukame mwaka ujao, huenda hana akiba yoyote. Nyumba anayoishi ni ya kanisa, na akistaafu sharti aihame. Mpango wa serikali wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi, umewalenga wazee wa miaka 70 na zaidi. Anayestaafu akiwa na miaka 65 ana miaka mitano ya kusubiri, na fedha zenyewe ni chache.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Baadhi ya wanaolaumiwa kwa kung'ang'ania mimbari hawang'ang'anii utukufu, bali paa na chakula. Kanisa linalomtaka mzee aondoke bila kumwandalia pa kwenda linamsukuma katika mgogoro, kisha linamlaumu. Vivyo hivyo, kumwita mstaafu ahudumu bila hata nauli kwa kisingizio cha wito ni kumnyonya. Mkono mtupu haulambwi.

Maandalizi hayo hayawezi kuanza mwaka wa mwisho wa utumishi. Yapasa yaanze siku mchungaji anapowekwa wakfu, kwa michango midogo ya kila mwezi katika mfuko wa uzeeni, na kwa kumsaidia awe na kiwanja na nyumba yake kabla nywele hazijageuka mvi.

Penye wazee, haliharibiki neno. Lakini msemo huo haukusema wazee wakae penye kiti cha mbele. Makanisa ya bonde la Tana yakiweza kumpa mzee mahali pa kulala, kazi inayolingana na nguvu zake na mipaka iliyo wazi, hayatahitaji kuchagua kati ya hekima ya jana na nguvu za leo. Yakishindwa, yataendelea kupoteza zote mbili.